Inteki ya hewa baridi kwenye gari la turbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila boneti ya gari la turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa) inapofunguliwa na watu wawili wakasimama pembeni. Yanaanza na ya msingi na kuishia na hali za nadra. Mwenye haraka asome la 2, la 6 na la 9.

## Mambo ya msingi

1. Inteki ya hewa baridi ni kitu gani hasa?

Ni njia mbadala ya hewa: filta, bomba, na mara nyingine boksi au bati la kuzuia joto, vyote vikichukua nafasi ya boksi la filta lililokuja na gari. Inatarajiwa kufanya mambo mawili. Ichote hewa mahali palipopoa, kwa kawaida nyuma ya bampa au karibu na grili, badala ya hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini. Kisha iipitishe hewa hiyo bila kuibana.

Kabla hujaenda dukani, fungua boneti ufuate njia ya kiwandani kwa kidole, kuanzia kwenye boksi la filta kwenda mbele. Kwenye magari mengi ya turbo ya siku hizi kidole kitaishia juu ya rejeta, nyuma ya grili, panapoingia hewa ya nje moja kwa moja. Maana yake gari lako limetoka kiwandani na inteki ya hewa baridi. Ni nyeusi, ya plastiki, haina nembo, basi.

2. Jibu fupi: inaongeza nguvu kwenye gari la turbo au haiongezi?

Kwenye gari ambalo halijaguswa kitu kingine, nguvu ya juu kabisa huongezeka kidogo sana au haiongezeki. Kwenye gari lililofanyiwa rimapu (programu ya kompyuta ya injini kuandikwa upya ili kuongeza nguvu), au lililofungwa turbo kubwa kuliko ya kiwandani, inaweza kuongeza kitu cha maana, mradi njia ya zamani ilikuwa inabana kweli. Kubana huko kunapimika, na swali la 9 linaeleza namna. Sauti huongezeka karibu kila mara, na wengi hununua sauti wakidhani wamenunua nguvu za farasi.

3. Mbona wenye magari yasiyo na turbo wanasema wameona tofauti?

Kwa sababu injini yao haina msaidizi. Presha ya hewa usawa wa bahari ni takriban kilopaskali 101. Injini ya kawaida ikipoteza 3 kwenye filta na bomba, imepoteza karibu asilimia 3 ya hewa yake, na nguvu inafuata. Ukiirudishia 2, umempa mwenye gari asilimia 2 mkononi.

Gari la turbo lina pampu katikati ya safari, na pampu hiyo hufidia kilichopotea njiani. Kwa hiyo ushuhuda wa rafiki yako ni wa kweli kwenye gari lake, lakini hauhamii kwenye lako.

4. Hewa baridi ina faida gani kwa hesabu?

Hewa ikipoa husongamana, na silinda ileile hubeba oksijeni zaidi. Katika joto la kawaida, kila nyuzi 3 za Selsiasi hubadilisha uzito wa hewa kwa takriban asilimia 1. Joto lina madhara mengine pia: hewa ikiingia kwenye silinda ikiwa moto sana, injini ya petroli huelekea kugonga (mafuta kulipuka yenyewe bila mpangilio), na kompyuta hurudisha nyuma taimingi ya cheche ili kuokoa pistoni. Hapo unapoteza mara mbili.

Ila joto linalohesabika ni la hewa inayoingia kwenye silinda. Kati ya filta na silinda kuna turbo na intakula (rejeta ya kupozea hewa), na hao wawili wanabadilisha hesabu yote.

## Turbo, intakula na kompyuta

5. Hewa ikiingia baridi kwenye turbo, si itatoka baridi pia?

Haitatoka baridi hata siku moja. Tuchukue turbo inayokandamiza hewa mpaka presha iwe maradufu, yaani busti (presha inayoongezwa na turbo) ya karibu bar 1, kwa ufanisi wa asilimia 70. Hewa ya nyuzi 25 ikiingia, hutoka na nyuzi kama 118, joto linalozidi la maji yanayochemka. Gari la pili linavuta hewa ya nyuzi 40 kutoka ndani ya boneti. Yake inatoka na kama 138. Tofauti ya nyuzi 15 imekua ikawa 20.

Sasa hewa inapita kwenye intakula, ile rejeta ya kupozea hewa. Intakula haiulizi hewa imetoka wapi. Kazi yake ni kuivuta kuelekea joto la nje. Tuseme inaondoa asilimia 70 ya joto lililozidi la nje, na nje ni nyuzi 25. Gari la kwanza linapeleka kwenye injini hewa ya nyuzi 53, la pili 59. Zile 15 za mlangoni zimebaki 6, sawa na asilimia 2 hivi ya uzito wa hewa.

Na hapo tumelinganisha njia nzuri na njia mbaya kabisa. Kama boksi lako la kiwandani linachota hewa iliyozidi ya nje kwa nyuzi 3 au 4 tu, kinachobaki baada ya intakula ni kidogo kuliko makosa ya mashine ya kupimia.

6. Watu husema kompyuta ya gari "inakula" faida ya inteki. Inakulaje?

Magari mengi ya turbo ya kisasa hufanya kazi kwa lengo. Ukikanyaga mafuta, kompyuta hutafsiri mguu wako kuwa kiasi fulani cha torki (nguvu ya kuzungusha), halafu huhesabu hewa inayohitajika kuifikia. Kisha huchezesha vilango viwili mpaka hewa hiyo itimie: kilango cha hewa mdomoni mwa injini, na westigeti, ambayo hupitisha moshi kando ili turbo isizunguke kupita kiasi. Ukiirahisishia njia, torki iliyoandikwa haibadiliki. Westigeti inafunguka zaidi kidogo, na ndiyo hiyo faida imeliwa.

Fikiria tenki la maji lenye boya. Ukiweka bomba pana zaidi, tenki litajaa mapema, lakini boya litafunga palepale lilipokuwa likifunga jana.

Magari ya zamani yenye westigeti ya springi na mpira wa hewa hayana lengo la torki. Hata hivyo springi nayo husikiliza busti, na ikifika kiwango chake hufungua. Filta pana haiibadilishii springi mawazo.

7. Basi kupunguza mbano kwenye njia ya hewa hakuna maana yoyote?

Kuna maana, ila haiko watu wanakoitafuta. Turbo hufanya kazi kwa uwiano: presha inayotoka kugawanya kwa presha inayoingia. Tuseme injini inataka kilopaskali 200. Njia ikipoteza 5, turbo huanza na 96 na uwiano ni 2.08. Upotevu ukishuka hadi 1, huanza na 100 na uwiano ni 2.0. Turbo inapata nafuu ya mizunguko, hewa inatoka na joto pungufu kidogo, na kwa kuwa westigeti imefunguka zaidi, moshi haukwami sana upande wa ekzosi. Geji ya busti inaonyesha namba ileile, lakini injini inapumua kwa raha zaidi.

Kwenye gari la kiwandani ambalo turbo yake bado ina akiba, utakachokiona ni busti kupanda mapema kidogo. Kwenye turbo ndogo iliyokamuliwa mpaka mwisho, mbano huo ndio unaoamua kama busti itashikilia hadi mstari mwekundu (ukomo wa mizunguko ya injini) au itaanza kushuka mizunguko elfu moja kabla. Huyo ndiye mteja halali wa inteki.

8. Baada ya kufunga nimesikia gari limechangamka. Ninajidanganya?

Huenda kuna mabadiliko, lakini si yale unayodhani. Bomba lililo wazi huachia mvumo ambao boksi la kiwandani lilikuwa likiumeza, na ubongo huhesabu kelele kuwa mwendo. Pia mafundi wengi huchomoa betri wakati wa kufunga. Kompyuta ikiwashwa upya husahau marekebisho yake ya mafuta na, kwenye baadhi ya magari, tabia ya gia otomatiki, kwa hiyo gari huwa tofauti kwa siku kadhaa hata kama ungefunga bomba lilelile ulilofungua.

Mimi mwenyewe niliwahi kuapa mbele ya watu kwamba langu limeongezeka nguvu. Nilifunga mchana wa jua kali, nikalijaribu usiku.

## Kupima

9. Nitajuaje kama njia yangu ya hewa inabana?

Kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ubao, rula na maji yaliyotiwa rangi. Funga mpira kwenye ubao kwa umbo la U, kila mguu uzidi mita moja, umimine maji mpaka nusu ya miguu. Ncha moja iache wazi. Nyingine iunganishe kwenye bomba lililo kati ya filta na turbo, ukiweka chupa tupu katikati kama mtego, ili maji yakizidiwa yaangukie humo badala ya kumezwa na turbo. Usiruke hatua ya chupa.

Injini ikivuta, maji hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Pima tofauti ya urefu kati ya pande mbili: sentimita 10 ni takriban kilopaskali 1. Kwenye mwendo wa kawaida yatatikisika tu. Namba unayoitaka ni ya mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka chini, karibu na mstari mwekundu, mahali panaporuhusu mwendo huo. Abiria ndiye anayesoma ubao. Dereva anatazama mbele.

Ukipata sentimita 15 au 20, funga boneti na uhifadhi hela yako. Zikifika 50 au 60, kuna ugonjwa wa kutibu. Basi hamisha ncha ya mpira: ipime kabla ya filta, baada ya filta, kisha karibu kabisa na mdomo wa turbo. Mara nyingi filta haina kosa. Mkosaji ni ule mkunjo wa mwisho kabla ya turbo, au mpira laini wenye mbavu unaonywea injini ikivuta kwa nguvu, au mdomo mwembamba wa mbele. Inteki ya dukani inayoishia kwenye mpira uleule wa zamani imetibu mguu usiouma.

10. Muuzaji amenionyesha karatasi ya daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) yenye nyongeza ya farasi 15. Niiamini?

Muulize mambo manne. Boneti ilikuwa wazi au imefungwa? Boneti wazi na feni kubwa mbele ni sikukuu ya filta iliyo wazi, hali ambayo haipo barabarani. Mapigo, yaani majaribio kwenye mashine, yalikuwa mangapi? Gari lilelile, kwenye mashine ileile, bila kubadilishwa kitu, linaweza kutofautiana asilimia 1 au 2 kati ya pigo na pigo. Kwa gari la farasi 200 hiyo ni farasi 2 hadi 4. Intakula ilikuwa na joto gani? Ukipima inteki ya zamani mwishoni mwa mapigo mengi na mpya baada ya chakula cha mchana, umepima chakula cha mchana.

La nne ni rimapu. Wakati mwingine mstari wa juu kwenye grafu ni wa inteki pamoja na programu mpya, na hilo limeandikwa chini kwa herufi za siafu. Programu ndiyo iliyoleta farasi, inteki imechukua sifa.

Angalia pia kama namba zimesahihishwa kwa hali ya hewa. Kanuni kama SAE J1349 hufaa injini inayotegemea hewa ya nje moja kwa moja. Gari la turbo ambalo kompyuta yake tayari imefidia linaweza kuongezewa farasi wa karatasi.

11. Naweza kupima mwenyewe bila daino?

Unaweza, kwa kisomaji cha OBD (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) na subira. Rekodi pembe ya kilango cha hewa, busti na joto la hewa. Kama mguu uko chini kabisa lakini kilango kinajifunga hadi asilimia 70 au 60, umeona kwa macho yale ya swali la 6: kompyuta inazuia hewa iliyopo, na inteki mpya italeta hewa nyingine ya kuzuiwa.

Kama gari lina sensa ya MAF (inayopima kiasi cha hewa inayoingia), injini ya petroli hutumia takriban gramu 0.8 za hewa kwa sekunde kwa kila farasi. Gramu 160 ni farasi 200 hivi. Tahadhari: inteki ikibadilisha kipenyo cha bomba la sensa, kipimo hicho kimekufa. Soma swali la 16.

## Kuchagua na kufunga

12. Filta iliyo wazi ndani ya boneti ni mbaya kiasi gani?

Inategemea gari linatembea au limesimama. Kwenye foleni joto chini ya boneti hupanda makumi ya nyuzi juu ya lile la nje, na filta hulinywa lote. Barabara ikifunguka hewa inapita, joto linashuka, na intakula inasamehe sehemu kubwa ya kilichobaki (swali la 5). Tatizo lipo zaidi unapoondoka kwenye taa kuliko unapokuwa kwenye mwendo.

Bati la kuzuia joto lina maana pale tu mpira wa ukingo wake unapogusa boneti. Funga boneti, mulika tochi. Kama kiganja kinapita kwenye upenyo, hilo ni pambo.

13. Alumini, plastiki au kaboni?

Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 6,000 na busti ya bar 1 huvuta hewa inayokaribia lita 200 kwa sekunde. Lile pipa la mafuta la kimo cha kiuno, zima, kila sekunde moja. Kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 7 hewa hiyo hukimbia karibu mita 50 kwa sekunde. Bomba la sentimita 70 hulipita ndani ya sekunde 0.014. Haina muda wa kuota moto, hata bomba lenyewe likiwa linaunguza vidole.

Kwa hiyo chagua linalokaa vizuri, lisilo na ukingo wa kulehemu uliojitokeza ndani, na lisilosuguana na kitu. Kaboni inapendeza.

14. Bomba pana zaidi ndilo bora?

Mpaka lisibane, ndiyo. Likishafika hapo, upana wa ziada hauna kazi, kwa sababu hewa yote lazima iingie kwenye mdomo wa turbo ambao haujabadilika. Ngazi ya ghafla kutoka bomba pana hadi mdomo mwembamba ni mbaya kuliko bomba la wastani linalopungua taratibu.

15. Filta ya pamba ya kuoshwa au ya karatasi? Na kubadilisha filta peke yake kunasaidia?

Karatasi huchuja vumbi laini vizuri sana na haihitaji ustadi. Pamba hupitisha hewa kwa urahisi kidogo na hudumu miaka, lakini inategemea mkono wa anayeiosha. Mafuta yakizidi husafiri hadi kwenye waya wa sensa ya MAF na kuuganda. Yakipungua, vumbi linapita. Panga za turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo vumbi ni msasa. Mwenye kupita njia za vumbi kila siku, ushauri wangu ni karatasi, na aibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Filta ya kuchomeka ndani ya boksi la zamani haileti farasi wanaoonekana, ila haiharibu chochote. Kama filta yako ya sasa imekuwa nyeusi, ya karatasi mpya itafanya kazi hiyohiyo.

## Matatizo baada ya kufunga

16. Taa ya injini imewaka siku mbili baada ya kufunga. Kwa nini?

Kama skana inatoa misimbo ya hitilafu P0171 (mafuta pungufu kwa hewa iliyopo) au P0101 (kipimo cha MAF hakiko sawa), anza na sensa ya MAF. Sensa hiyo hupima hewa inayougusa waya wake, kisha hukadiria jumla kwa kudhani bomba lina kipenyo cha kiwandani. Ukiiweka kwenye bomba pana, hewa ileile hupita taratibu zaidi, sensa inaripoti pungufu, na kompyuta inatoa mafuta pungufu. Sensa ya oksijeni inagundua, mafuta yanaongezwa kufidia, na fidia ikizidi mpaka wake taa inawaka.

Hapa pana siri ambayo wauzaji hawaitaji. Gari linaloambiwa kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo linaweza kuruhusu busti zaidi na taimingi ya mbele zaidi, kwa mafuta pungufu. Daino inaonyesha nyongeza, na ni nyongeza ya kweli. Lakini imepatikana kwa kuidanganya sensa, na pistoni ndizo zinazobeba deni siku ya joto kali au mafuta ya okteni ndogo. Kama inteki "imeongeza" farasi wengi kwenye gari lisilo na rimapu, angalia kwanza uwongo huu. Magari yanayotumia sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini) peke yake hayana shida hii.

Sababu nyingine ni ya kawaida zaidi: mpira uliosahaulika. Bomba la kiwandani hupokea mpira wa kupumulia injini na, mara nyingi, mpira unaorudisha hewa kutoka kwenye vali ya turbo. Mmoja ukiachwa unaning'inia, au klipu ikiwa imelegea baada ya sensa, injini inakunywa hewa isiyopimwa. P0299, yaani busti pungufu, hukutaka ukague klipu zote za upande wa presha, hasa ulizozigusa.

17. Filta iko chini nyuma ya bampa. Nikipita kwenye maji?

Matone ya mvua hayana neno. Hatari ni filta kuzama. Maji hayakandamiziki: yakijaa ndani ya silinda wakati pistoni inapanda, kinachojikunja ni konrodi, mkono unaoishika pistoni. Injini inasimama ghafla, na mwenye kujaribu kuiwasha tena huimalizia. Kama unapita mahali panapofurika, filta ya juu yenye hewa ya joto kidogo ni bora kuliko filta ya chini yenye hewa baridi. Boksi la kiwandani lenye mdomo juu ya rejeta liliwekwa pale kwa sababu hiyo pia.

18. Sauti ya "psshh" na mvumo mpya ni dalili ya kuharibika?

Hapana. Zilikuwepo tangu zamani, boksi lilikuwa linazifunika. Mlio wa kukwaruza kama chuma kwenye chuma ni jambo jingine: zima injini, ufungue bomba, uangalie panga za turbo kama zimegusa ukuta au zimemeza nati.

19. Dhamana ya gari itakufa?

Hutegemea nchi na mkataba. Marekani, kwa mfano, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 hairuhusu mtengenezaji kukunyima dhamana eti kwa kuwa umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Lazima kifaa hicho kiwe ndicho kilicholeta uharibifu. Filta yenye mafuta na sensa iliyoungua ni kesi rahisi sana kwa upande wao. Huko huko, jimbo la California hudai inteki inayotumika barabarani iwe na namba ya kibali cha CARB, bodi ya jimbo hilo ya usafi wa hewa.

## Hali za pembeni

20. Gari langu limesharimapiwa. Mambo yanabadilika?

Yanabadilika. Boya la swali la 6 limepandishwa, turbo imesogezwa karibu na ukomo wake, na hewa inayopita ni nyingi zaidi. Mbano nao hukua haraka kuliko hewa: hewa ikiongezeka asilimia 40, upotevu wa presha kwenye njia ileile unakaribia mara mbili. Boksi lililotosha jana linaweza lisitoshe leo. Pima upya, na kama unafunga inteki, mpe aliyeandika programu arekebishe hesabu za MAF. Kuandika programu kwanza na kubadilisha inteki kimyakimya baadaye ni kuharibu kazi ya mtu.

21. Nina hela ya kitu kimoja tu: inteki au intakula?

Intakula, kwa gari linalokamuliwa mara kwa mara. Rudi kwenye hesabu ya swali la 5: ukipandisha uwezo wa intakula kutoka asilimia 70 hadi 85, hewa ya nyuzi 118 inashuka hadi 39 badala ya 53. Hizo ni nyuzi 14 mlangoni mwa injini, zaidi ya mara mbili ya kile inteki ilichookoa dhidi ya njia mbaya kabisa.

22. Na turbo ya dizeli?

Dizeli hupata nguvu kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa, na kwa kawaida hewa inazidi mahitaji. Hewa ya ziada bila mafuta ya ziada hupunguza moshi mweusi na joto la ekzosi tu. Mwenye trela la kupandisha mlima atafurahia hilo. Mwenye kutafuta kasi hataona kitu.

23. Naishi mwinuko wa juu. Kuna tofauti?

Kwenye mita 2,000 presha ya hewa ni karibu kilopaskali 80. Ili ifike 200 zile zile, turbo inahitaji uwiano wa 2.5 kabla hata filta haijachukua chake, kwa hiyo kila kilopaskali kinachopotea kina bei kubwa zaidi. Huku juu, mbano ambao pwani usingeusumbukia unaweza kuwa na maana.

24. Mdomo wa hewa ulioelekezwa mbele hausukumi hewa ndani?

Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo wote wa mbele ukikamatwa bila kupotea hutoa chini ya nusu kilopaskali. Turbo yenyewe inaongeza mia moja.

25. Itapunguza ulaji wa mafuta?

Hapana. Kwenye mwendo wa kawaida injini ya petroli hujibana yenyewe kwa kilango chake, na mbano wa filta hausikiki hapo. Wengi hula zaidi wiki za kwanza kwa sababu ya kutafuta ile sauti.

26. Nimeshafunga, nimepima, haijaongeza kitu. Niitoe?

Kama taa haiwaki, filta haiko karibu na maji na unaipenda sauti, iache. Boksi la zamani lisafishe, lifunge kwenye mfuko pamoja na klipu zake na skrubu zote, ulihifadhi. Mnunuzi wa gari ataliulizia, fundi anayetafuta chanzo cha P0171 atataka kulirudisha kwa majaribio, na zile klipu ndogo za plastiki za pembeni ndizo zinazopotea kwanza.